Barbara McClintock na mahindi yenye madoa: "walimcheka" ni nusu ya hadithi (uzi mrefu)

#1 Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Kila baada ya miezi michache inazunguka ile picha ya bibi mwenye miwani, ameshika hindi mkononi. Chini yake maandishi: aligundua jeni zinazoruka, wanasayansi wakamcheka, akanyamaza miaka 30, mwishoni wakampa Nobel. Watu wanasambaza, wanaweka makofi, wanapita.

Mimi kazi yangu ni mbegu. Nimechavusha mahindi kwa mkono misimu kadhaa, kwa hiyo huyu bibi kwangu si picha ya kupita. Na ile hadithi inaniudhi. Si uongo mtupu, ila imemchukua gwiji ikamfanya mnyonge aliyeokotwa njiani. Leo nina muda, kwa hiyo kaeni mkao wa kusoma.

Anaitwa Barbara McClintock. Alizaliwa tarehe 16 Juni 1902 huko Hartford, jimbo la Connecticut, Marekani. Baba yake alikuwa daktari. Kwanza walimwita Eleanor, halafu wazazi wakaona jina hilo laini mno kwa mtoto waliyekuwa naye, wakalibadilisha. Mwaka 1908 familia ikahamia Brooklyn, New York, akasomea Erasmus Hall. Ilipofika zamu ya chuo, mama akagoma: binti akisoma kupita kiasi nani atamwoa? Baba akaingilia kati, na mwaka 1919 Barbara akaingia Cornell, kitivo cha kilimo. Shahada ya kwanza 1923, uzamili 1925, uzamivu 1927. Kuolewa hakuolewa mpaka anakufa.

Hapo Cornell alikuwa pia anapiga banjo kwenye kikundi cha jazi. Na kuna kisa alichokisimulia mwenyewe uzeeni: mtihani wa jiolojia uliletwa, akaupenda mno, akaanza kujibu moja kwa moja kabla ya kujaza jina lake. Alipomaliza akarudi juu ya karatasi ili aandike jina, jina likagoma kuja. Alikaa hapo kama dakika 20 akilitafuta. Aliona aibu kumuuliza mtu aliyekaa jirani "samahani, mimi naitwa nani?"

Kisa hicho kishikeni. Huyu ni mtu ambaye akishika kazi, yeye mwenyewe anatoweka.

Naendelea baada ya muda.

#2 Mchangiaji

Nimeshaweka kambi mkuu. Usituache njiani kama wale wa "itaendelea" halafu haiendelei.

#3 Mleta uzi

Nimerudi.

Miaka ya 1920 watu walishajua jeni zipo kwenye kromosomu, zile nyuzi ndani ya seli. Mwanajenetiki Thomas Hunt Morgan na vijana wake walishalionyesha hilo kwa nzi wa matunda. Waliokuwa wanashughulika na mahindi walikuwa na orodha za jeni zinazorithiwa pamoja, ila hakuna aliyeweza kuelekeza kidole kwenye darubini akasema: kundi hili liko kwenye kromosomu ile. Kromosomu za mahindi zilikuwa zinaonekana kama bakuli la tambi.

McClintock akazitenganisha. Alichukua seli za mbelewele changa zinazotengeneza chavua, akazipaka rangi nyekundu ya kamini, akazipasha moto kidogo, akazikandamiza chini ya kioo chembamba mpaka zikalala bapa. Ukisoma inaonekana rahisi. Ukikandamiza sana seli inapasuka, ukikandamiza kidogo kromosomu zinabaki zimelaliana. Moto ukizidi umepoteza kila kitu. Mikono yake ilijua pa kuishia. Mwaka 1929 akachapisha picha ya kromosomu zote 10 za mahindi, kila moja kwa urefu wake, mahali pake pa kubania na vinundu vyake, akazipa namba 1 hadi 10 kuanzia ndefu kwenda fupi. Namba hizo ndizo tunazozitumia mpaka leo.

Mwaka 1931 ndipo ikaja ile kazi ambayo kwangu mimi peke yake ingetosha. Watu waliamini kwamba kromosomu mbili za jozi hubadilishana vipande wakati wa kutengeneza mbegu za uzazi, ila hakuna aliyekuwa amethibitisha kwa macho kwamba jeni zikibadilishana, na kromosomu yenyewe kweli imekatika na kuungwa. Yeye na mwanafunzi wake Harriet Creighton wakatafuta mmea ambao kromosomu yake namba 9 ina alama kila upande: ncha moja ina kinundu cheusi, ncha nyingine imeungwa kipande cha kromosomu 8. Fikiria kamba yenye fundo huku na huku, ambayo mwenzake wa jozi hana fundo hata moja. Katikati kuna jeni mbili unazoweza kuzisoma kwenye punje: moja ya rangi, nyingine ya aina ya wanga. Wakachavusha, wakasubiri punje ambazo jeni hizo mbili zimetengana, wakaotesha, wakachungulia. Mafundo nayo yalikuwa yametengana. Ushahidi umekamilika.

Morgan alipopita Cornell na kusikia, aliwahimiza wachapishe mara moja, wasisubiri zao lingine. Ilisaidia sana, maana mtafiti mwingine, Curt Stern, alikuwa na jibu hilohilo kwa nzi, na lake lilitoka wiki chache tu baadaye.

McClintock alikuwa na miaka 29. Kazi ya kudumu hana.

#4 Mchangiaji

Hapo ndipo ninapokubana mkuu. Umeanza kwa kusema hakuwa mnyonge, sasa unasema hana kazi. Alibaguliwa au hakubaguliwa?

#5 Mleta uzi

Swali zuri. Alibaguliwa kwenye ajira na mshahara. Kusikilizwa alisikilizwa.

Wanaume waliokaa naye kwenye kundi lile la Cornell walipata vyeo vya uprofesa kadiri miaka ilivyokwenda. George Beadle alikuwa mmoja wao, baadaye akachukua Nobel ya mwaka 1958. McClintock toka 1931 aliishi kwa ruzuku za utafiti: kidogo Missouri, kidogo Caltech, kidogo Cornell. Mwaka 1933 akapata ruzuku ya Guggenheim akaenda Ujerumani. Tazama mwaka huo vizuri. Hitler ameshika madaraka, maprofesa Wayahudi wanafukuzwa, maabara zinavurugika. Mwaka 1934 alishafungasha na kurudi.

Mwaka 1936 Lewis Stadler, mtafiti mwenzake wa mahindi, akamsaidia kupata uprofesa msaidizi Chuo Kikuu cha Missouri. Huko aliona kitu cha ajabu: kromosomu iliyovunjika ncha zake hunata. Ncha mbili zilizovunjika hushikana, seli ikigawanyika zinavutwa kila upande zinatengeneza daraja, daraja linakatika, zinashikana tena, linakatika tena. Wakati huohuo ncha ya asili hainati kabisa, maana yake ina kitu kinachoilinda. Hapo utaona mbegu ya habari ya telomea, yaani kinga ya ncha ya kromosomu, miongo kadhaa kabla haijaeleweka kwa kemia.

Missouri hawakumpa dalili ya kupanda cheo. Mwaka 1941 akaondoka, na mwishoni mwa mwaka huo akaingia Cold Spring Harbor, kituo cha utafiti ufukweni mwa Long Island, New York, chini ya Taasisi ya Carnegie ya Washington. Hakuna kufundisha, hakuna vikao vya idara, kuna shamba dogo la mahindi na darubini. Alikaa hapo mpaka mwisho wa maisha.

Sasa angalia upande wa pili. Mwaka 1944 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani, mwanamke wa 3 katika historia yake. Mwaka huohuo Beadle akamwita Stanford: kuvu aina ya Neurospora imewashinda, kromosomu zake ni ndogo mno kuhesabika. Akakwama siku kadhaa, akatoka akaenda kukaa chini ya mikalitusi kufikiri, akarudi, akazipata. Ziko 7. Mwaka 1945 akawa rais wa Chama cha Jenetiki cha Marekani, mwanamke wa kwanza.

Mtu wa hivyo akisimama kuongea, ukumbi hauwezi kumcheka. Tatizo lilikuwa lingine, na nitalifikia. Kwanza lazima niwaeleze madoa.

#6 Mleta uzi

Kwa wasiowahi kuchavusha kwa mkono: hindi changa unalifunika mfuko kabla ndevu hazijatoka, mbelewele za mmea unaotaka uwe baba nazo unazifunika. Asubuhi unakung'uta chavua kwenye mfuko, unaimwaga juu ya ndevu, unafunika upesi na kuandika juu ya mfuko nani kazaa na nani. Chavua inaingia shingoni na kuwasha siku nzima. Ukikosea maandishi, umepoteza mwaka, maana kule kwake msimu ni mmoja tu. McClintock alizifanya hizi kwa mkono wake mwenyewe, na aliujua mmea mmoja mmoja shambani.

Malipo yake ni kwamba kila punje ni mtoto wake. Kila uzi wa ndevu umepokea chavua yake. Hindi moja ni familia ya watoto mia kadhaa waliopangwa mistari.

Sasa chukua punje moja iweke kwenye kiganja. Chini ya ganda kuna tabaka jembamba ambalo likiwa na jeni iitwayo C nzima, punje inakuwa ya zambarau. Jeni hiyo ikiharibika punje inakuwa haina rangi. Yeye alikuwa na punje zisizo na rangi zenye madoa ya zambarau, kana kwamba mtu amezinyunyizia wino. Maana yake ndani ya punje iliyoharibika kuna seli chache ambazo jeni imepona.

Imeponaje?

Kuna kipande cha kromosomu alichokiita Ds. Alikigundua kwanza kama mahali ambapo kromosomu 9 hupenda kuvunjika. Kikijipachika ndani ya jeni C, rangi inakufa. Kikichomoka, rangi inarudi, na seli zote zitakazozaliwa na seli ile zitakuwa na rangi. Ndilo doa. Lakini Ds peke yake haiwezi kutoka mahali pake. Inahitaji kipande kingine, alichokiita Ac, ambacho kinaweza kujihamisha chenyewe na kuihamisha Ds pia. Kwenye mmea usio na Ac, Ds inalala usingizi vizazi na vizazi.

Hapo kuna uhondo. Doa ni saa. Ds ikichomoka mapema, punje ikiwa bado na seli chache, kizazi cha seli ile kitakuwa kikubwa, doa pana. Ikichomoka dakika za mwisho, unapata kitone kama cha ncha ya sindano. Kwa hiyo ukiangalia ukubwa wa madoa unasoma LINI, ukihesabu idadi unasoma MARA NGAPI. Halafu ile sehemu ya chakula ya punje ina seti tatu za kromosomu, mbili za mama na moja ya baba, kwa hiyo alitengeneza punje zenye Ac moja, mbili au tatu. Ungetegemea Ac zikizidi madoa yawe makubwa. Yakawa madogo! Ac nyingi zinachelewesha kuruka.

Yote hayo kwa jicho, punje mkononi, wakati ambapo umbo la DNA halijajulikana. Umbo lilipatikana 1953. Yeye kufikia 1948 alishajiridhisha kwamba Ds inabadilisha makazi.

Kilichomfungua macho kilikuwa majani. Majira ya baridi ya 1944 kuingia 1945 alikuwa anaangalia miche, akaona mabaka mawili yaliyokaa bega kwa bega, moja limezidi kwa kitu kilekile ambacho jirani yake limepungukiwa. Pacha. Yametoka kwa seli moja iliyogawanyika, na kilichopotea huku kimepatikana kule. Akaanza kukisaka kitu hicho, na hakukiacha tena.

#7 Mchangiaji

Mkuu haya ni madini. Nimesoma baolojia miaka mitatu na hakuna aliyenielezea ukubwa wa doa kuwa ni muda. Tulikariri tu "McClintock, transposoni, mahindi" (transposoni ndiyo hivyo vipande vinavyohama), mtihani ukapita.

#8 Mchangiaji mwingine

Sawa, lakini bado hujajibu. 1951, alipouwasilisha ugunduzi wake mbele ya wanasayansi, kilitokea nini? Maana yeye mwenyewe alisema walimpokea kwa ukimya.

#9 Mleta uzi

Ni kweli, alisema, na mimi simkanushi. Alichapisha 1950, na kiangazi cha 1951 akasimama kwenye mkutano mkubwa wa mwaka hapohapo Cold Spring Harbor. Aliongea kwa kirefu, takwimu juu ya takwimu. Wengi walitoka bila kuelewa.

Ila wanahistoria waliorudi kwenye barua na makabrasha ya wakati ule wameonyesha jambo ambalo zile picha za mtandaoni hazisemi. Kwamba kuna vipande vinavyohama kwenye mahindi, wataalamu wa mahindi hawakukataa. Royal Alexander Brink na wenzake walikuta kitu hichohicho kwenye mahindi yao mapema miaka ya 1950. Kilichowashinda kumeza ni hatua iliyofuata. Yeye hakuviita vipande vinavyoruka. Aliviita vidhibiti. Kwake kuruka kulikuwa jambo la pembeni. Hoja kuu ilikuwa kwamba vipande hivi ndivyo vinavyowasha na kuzima jeni ili seli moja iwe jani na nyingine iwe mzizi, wakati zote zina jeni zilezile. Hapo ndipo walipomwangalia wakanyamaza.

Na hapa nitasema jambo litakalowaudhi baadhi yenu: kwenye hilo, kwa sehemu kubwa, walionyamaza hawakuwa wajinga. Jani haliwi jani kwa sababu Ac imeruka. Swali lake, kwamba lazima kuna kitu kinachowasha na kuzima jeni, lilikuwa sahihi na la mapema kuliko la wengi. Jibu lake halikuwa hilo. François Jacob na Jacques Monod wa Ufaransa walipokuja na maelezo yao ya udhibiti wa jeni kwenye bakteria mwaka 1961, yeye alifurahi, akaandika makala mwaka huohuo kulinganisha na mahindi yake.

Ugumu mwingine ulikuwa wa lugha. Ushahidi wake ulikuwa umeandikwa kwa madoa, na waliojua kusoma madoa walikuwa wachache. Ulimwengu ulikuwa unahamia kwenye bakteria na virusi, ambako jaribio linaisha kwa usiku mmoja. Nani alikuwa tayari kukaa mwaka mzima akisubiri hindi? Makala yake ya 1953 iliombwa na watu wachache mno, akaacha kuchapisha mambo hayo kwenye majarida makubwa, akawa anaandika ripoti za kila mwaka za Carnegie tu. Kunyamaza kabisa hakunyamaza. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 alifanya kazi nyingine kubwa ya kufuatilia vinundu vya kromosomu kwenye mahindi ya kienyeji ya Amerika ya Kati na Kusini, ili kujua yalivyosafiri na watu. Kitabu chake na wenzake kilitoka 1981. Hakuna anayekitaja.

#10 Mchangiaji

Naongezea kidogo maana mimi niko upande wa bakteria. Mambo yalibadilika mwishoni mwa miaka ya 1960 na miaka ya 1970, tulipoanza kuona vipande vya DNA vikiingia katikati ya jeni za bakteria na kuziua, halafu vikatoka. Kisha ikaonekana kwamba jeni nyingi za usugu wa dawa zinasafiri kwa njia hiyohiyo, zinapanda kipande kinachohama na kutoka bakteria mmoja hadi mwingine. Hapo hakuna aliyeweza kusema ni mambo ya mahindi tu. Watu wakaanza kufukua ripoti za yule mama.

#11 Mleta uzi

Shukrani mkuu, umenipunguzia kazi.

Basi tuzo zikaja kwa mkupuo. Nishani ya Taifa ya Sayansi ya Marekani ilishatangulia, ya mwaka 1970. Mwaka 1981 peke yake: Lasker, Wolf, na ile ya MacArthur ya dola 60,000 kila mwaka maisha yake yote. Tarehe 10 Oktoba 1983 Nobel ya Tiba, peke yake, bila kugawana na mtu. Mpaka leo hakuna mwanamke mwingine aliyeipata hiyo ya tiba bila mwenza. Alikuwa na miaka 81 na habari aliisikia kwenye redio. Makelele ya waandishi hayakumfurahisha hata kidogo. Alitaka warudi walikotoka, yeye arudi kwenye mahindi. Alifariki tarehe 2 Septemba 1992, akiwa na miaka 90.

Muda mfupi baada ya Nobel, Nina Fedoroff na wenzake walizitenga Ac na Ds zenyewe kama DNA. Ds nyingine ikakutwa ni Ac iliyokatwa kipande cha katikati. Ndiyo maana haiwezi kujihamisha. Imepoteza mashine, imebaki na vishikio tu. Lakini Ac ikiwepo jirani, inaazima mashine. Yaani alichokisoma kwenye punje kimekuja kuonekana herufi kwa herufi.

#12 Mchangiaji

Na sisi binadamu? Vinatuhusu au ni vya mahindi na bakteria?

#13 Mleta uzi

Karibu nusu ya DNA yako imetokana na vipande vya jamii hii, mkuu. Kwa mahindi ni kama asilimia 85. Vingi vyako vimekufa zamani, ila vichache bado vinaruka: mwaka 1988 Haig Kazazian na wenzake walikuta wagonjwa wawili wa hemofilia ambao kipande kilijipachika kwenye jeni ya kugandisha damu, wakati wazazi hawana. Na vingine tumeviajiri. Kinga yako inatengeneza kingamwili za aina nyingi kwa kukata na kuunga DNA, na kisu kinachotumika kimetokana na transposoni ya kale.

#14 Mchangiaji

Kwa hiyo Mendel, baba wa jenetiki, na njegere zake alikuwa anahesabu vitu vilivyotulia, McClintock ndiye aliyekuja na vinavyotembea.

#15 Mleta uzi

Ningekubali, kama si jambo moja.

Mendel alihesabu njegere 7,324. Za mviringo 5,474, zilizokunjamana 1,850. Kila kitabu cha shule kinazo, ndipo ile tatu kwa moja ilipotoka. Mwaka 1990 watafiti wa Uingereza wakaitafuta jeni yenyewe, ile inayofanya njegere ikunjamane. Ni ya kutengeneza wanga. Kwenye njegere ya mviringo iko nzima. Kwenye iliyokunjamana kuna kipande cha herufi kama 800 kimejipachika katikati, na ukikisoma ncha zake zinafanana na za jamii ya Ac na Ds.